Shaaban Robert na Gharama ya Wema: Udhanifu na Kujidanganya katika Maisha na Wahusika Wake

Utangulizi

Wahusika wa Shaaban Robert wamezoeleka kiasi kwamba wanafunzi wengi huwahukumu kabla ya kuwasoma. Majivuno ana majivuno, Adili ana uadilifu, Hasidi ana husuda. Majina haya ya majazi huonekana kumaliza kazi yote ya mhakiki. Aghalabu hukumu inayofuata ni kwamba hawa ni wahusika bapa, waliotungwa na mtu aliyeota dunia isiyokuwapo. Makala haya yanapitia maisha ya mwandishi huyo ili kuonyesha kwamba wema katika vitabu vyake una gharama, na kwamba aliijua gharama hiyo. Hapo ndipo udhanifu, yaani imani kwamba dunia inaweza kuwa kama inavyostahili kuwa, unapoachana na kujidanganya. Mdhanifu anaijua bei ya wema na bado anauchagua. Anayejidanganya anadhani wema hauna bei.

Malezi na Ukarani

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, Machui, karibu na Tanga, wakati nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Asili ya wazee wake ilikuwa Uyao, lakini yeye alijihesabu Mswahili. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, na akawa wa pili miongoni mwa wanafunzi 11 waliopata cheti cha kumaliza shule. Mwaka huohuo wa 1926 akaanza ukarani katika idara ya forodha, akatumikia humo hadi 1944, kwa muda akiwa Pangani. Baadaye alifanya kazi katika idara ya mifugo, katika ofisi ya serikali mjini Tanga, na hatimaye katika ofisi ya upimaji ardhi hadi mwaka 1960.

Hapana budi kuitazama kwa makini miaka hiyo 34. Mtunzi wa falme za hewani alishinda mchana kutwa akiandika hati za watu wengine, chini ya wakubwa ambao utawala wao haukumhesabu kuwa sawa nao. Mkewe, Amina, alifariki na kumwachia watoto; ndipo akatunga tenzi mbili za mawaidha, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe. Kwa hiyo maadili ambayo sisi huyakariri darasani kama maudhui yalianza kama malezi ya mzazi mmoja aliyebaki peke yake. Barua alizomwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958, ambazo Mulokozi alizihariri zikawa kitabu, zinamwonyesha mtu wa mahangaiko ya kawaida ya dunia. Huyu si mtu aliyeishi mawinguni.

Karama na Baraza

Katika Kusadikika, riwaya iliyochapishwa mwaka 1951, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Utetezi wake ni visa vya wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mambo ya manufaa, wakatupwa gerezani. Hatimaye baraza linashawishika, Karama anaachiliwa na wajumbe wanafunguliwa. Wahakiki wengi wameiona Kusadikika kuwa kivuli cha utawala wa kikoloni.

Msomaji wa Meru ana njia yake ya kuipima kesi hii. Baraza la wazee la Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, limewazoesha watu wa huku kuamini kwamba neno likisemwa vizuri mbele ya wazee linaweza kumwokoa mtu. Lakini masimulizi ya Wameru yana kisa kingine kinachopingana na imani hiyo. Inasimuliwa kwamba walipokuwa Mbwaa, karibu na bahari, watawala wao, Nguuntune, waliwapa mitihani isiyowezekana. Walijibu walichoweza kwa werevu, lakini mwisho hawakungoja huruma ya mtawala. Waliondoka, wakavuka maji. Watu wa Mbwaa walikata shauri kwamba mtawala wa namna ile hasikii. Karama alibaki akasema.

Je, Karama alijidanganya? Kama riwaya ingekuwa na hukumu ya mwisho peke yake, tungeweza kusema ndiyo, kwa kuwa mfalme anabaki kitini na uhuru wa mshtakiwa unategemea sikio la mfalme huyo. Lakini mwenye kusimulia mateso ya wale sita ni Karama mwenyewe. Siku baada ya siku anayataja magereza yanayomngoja. Anaposema, anajua hasa kilichowapata waliosema kabla yake. Huo si ujinga wa mtu mwema.

Adili na Nduguze

Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, kinalikabili suala la kujidanganya moja kwa moja. Adili anawasaidia ndugu zake, Hasidi na Mwivu, hata baada ya wao kufuja mali yao. Hataki kuiona husuda iliyo mbele ya macho yake, mpaka wanamtosa baharini. Huo ndio upofu wa mwenye huruma: hudhani kwamba kwa kuwa yeye anapenda, naye anapendwa. Ndugu hao wanageuzwa manyani, na Adili anaamriwa na jini awapige kila usiku. Anawapiga huku akilia, kisha anawalisha kwa heshima. Ni vigumu kumwita bapa mhusika ambaye wema wake umefungwa pamoja na mjeledi.

Kisa hiki kina asili yake katika Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu waliosamehewa wanarudi kujaribu kumuua mfadhili wao. Shaaban Robert aliugeuza mwisho huo: nduguze Adili wanasamehewa na kutubu. Aliujua mwisho wa kikatili, akauacha kwa makusudi. Uamuzi huu ndio ushahidi mkubwa wa udhanifu wake, na pia ndio mahali ambapo mpinzani wake ana haki ya kuuliza swali.

Pale Mwandishi Alipokaribia Kujidanganya

Haitakuwa haki kumsifu bila kumpima. Utenzi wake mrefu juu ya Vita vya Pili vya Dunia unaviita vita vya uhuru, ingawa mtunzi wake alikuwa raia wa nchi isiyokuwa huru. Yaelekea aliamini kwamba waliopigania uhuru wa Ulaya wasingeweza kuunyima Afrika. Imani hiyo ilikaribia sana kujidanganya. Hata hivyo, Kufikirika aliiandika mwaka 1946 na Kusadikika ikafuata, na katika zote mbili watawala ni wazito wa kusikia. Yaonekana kalamu yake ilimsahihisha.

Hitimisho

Shaaban Robert alifariki mwezi Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru Desemba 1961. Hakuiona Kufikirika kitabuni. Ilichapishwa mwaka 1967. Utubora Mkulima, hadithi ya mtu anayeuacha mshahara wa ofisini akaenda kulima, ilitoka mwaka 1968. Mtunzi wake alikuwa amekaa ofisini hadi uzeeni. Utubora alifanya kile ambacho karani mwenye watoto hakuweza kukifanya.

Basi tunapowafundisha wahusika hawa, tusiishie kwenye tafsiri ya majina. Tuulize kila mmoja analipa nini kwa wema wake, na kama analijua deni hilo. Karama analijua tangu mwanzo. Adili analijifunza baharini. Mwandishi wao alilijua kila asubuhi alipofungua mlango wa ofisi ya serikali, na usiku akarudi kuandika.