Jean Civiale: Daktari aliyevunja jiwe kibofuni bila kupasua

MGONJWA wa siku hizi mwenye kijiwe katika njia ya mkojo aweza kuingia hospitalini asubuhi, akatibiwa, na jioni ya siku iyo hiyo akawa nyumbani anakula chajio na jamaa zake.

Wachache kati ya wanaonufaika na urahisi huo hufahamu kwamba mlango wake ulifunguliwa yapata karne mbili zilizopita na kijana aliyetoka mashambani, katika milima ya Auvergne nchini Ufaransa. Jina lake lilikuwa Jean Civiale.

Civiale alizaliwa mwaka wa 1792 karibu na Thiézac, katika wilaya ya Cantal. Huo ndio mwaka ambao Wafaransa waliuondoa ufalme na kutangaza jamhuri.

Alipofika jijini Paris kusomea utabibu, alikuwa mwanafunzi wa Guillaume Dupuytren, bingwa wa upasuaji katika hospitali ya Hôtel-Dieu na mtu aliyeogopwa na wanafunzi wake sawa na alivyoheshimiwa.

Enzi hizo jiwe la kibofu lilikuwa maradhi ya kawaida barani Ulaya, kwa watoto na kwa watu wazima. Aliyepatwa nalo alikojoa kwa uchungu mkali, akatoa damu, akakosa usingizi, na mara nyingi akafikia hatua ya kuona kifo ni nafuu.

Tiba ilikuwapo, lakini ilitisha kuliko ugonjwa. Mgonjwa alifungwa kamba, akashikwa na wanaume wenye nguvu, kisha mpasuaji akapitisha kisu hadi kibofuni na kulitoa jiwe kwa koleo. Nusukaputi haikuwapo, etha ilikuja kuonyeshwa hadharani mwaka wa 1846. Sifa ya mpasuaji ilikuwa wepesi wa mkono wake, na dakika chache zilitosha kumtenganisha hodari na mzembe.

Hata mikononi mwa mahodari, takriban mgonjwa mmoja katika kila watano alikufa. Si ajabu kwamba kiapo cha kale kinachohusishwa na Hippocrates kiliwakataza matabibu kupasua kwa ajili ya jiwe, na kuwataka waiache kazi hiyo kwa wenye ujuzi wayo.

Wazo la mwanafunzi

Civiale alijiuliza swali ambalo, likishajibiwa, huonekana rahisi. Ikiwa mwili wenyewe una njia ya kutolea mkojo, kwa nini jiwe lisitokee humo humo?

Kwanza alifikiria kuliyeyusha kwa dawa. Muda si muda alitambua kwamba dawa yenye ukali wa kuyeyusha jiwe ingekiunguza kibofu chenyewe. Ndipo alipogeukia fikra ya kulivunja vipande vidogo vidogo, vitoke pamoja na mkojo.

Kifaa alichokitengeneza kilikuwa mrija wa chuma ulionyooka. Ndani yake mlikuwa na mrija mwingine wenye makucha matatu, ambayo yalifunguka yakishafika kibofuni na kulikamata jiwe. Katikati palipita msumari wa kutobolea, ukizungushwa kwa uta mithili ya keke ya seremala.

Wengi walishikilia kwamba chuma kilichonyooka hakiwezi kupita katika mrija wa mkojo wa mwanamume, ambao una kona. Civiale, pamoja na wenzake wa kizazi chake kama Jean Amussat, walithibitisha kwamba chaweza kupita iwapo mkono unaokiongoza ni mtulivu.

Mnamo Januari 1824, jijini Paris, alimtibu mgonjwa kwa njia hiyo mbele ya wajumbe wa Chuo cha Sayansi, Chaussier na Percy. Ripoti yao ilikuwa ya kumsifu, na habari zikaenea Ulaya nzima.

Hakikuwa kitendo cha mara moja. Kila kikao kilichukua dakika chache, kisha mgonjwa alipumzishwa kwa siku kadhaa kabla ya kikao kilichofuata. Bandu bandu humaliza gogo, nalo jiwe lilikwisha vivyo hivyo. Lakini mara nyingi mgonjwa aliinuka na kutembea mara tu kikao kilipokwisha, jambo ambalo aliyepasuliwa hakuweza hata kuliota.

Sifa haikukosa wagomvi. Jean-Jacques Leroy d'Étiolles alidai kuwa yeye ndiye wa kwanza kubuni kifaa cha namna hiyo, na ubishi wao ukaendelea kwa miaka mingi. Hata hivyo, Chuo cha Sayansi kilimtunuku Civiale Tuzo ya Montyon mwaka wa 1827. Muda mfupi baadaye alipewa wodi ya wagonjwa wa mawe huko Necker, ambayo wanahistoria wengi huihesabu kuwa kituo cha kwanza duniani kilichotengwa kwa maradhi ya njia ya mkojo.

Hesabu na mgonjwa mmoja

Mnamo 1835 Civiale aliwasilisha kwa Chuo cha Sayansi takwimu alizokusanya kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Zilijumuisha maelfu ya wagonjwa waliopasuliwa, na mamia waliovunjiwa jiwe. Katika kundi la kwanza karibu mmoja kati ya watano alikufa. Katika la pili ni wawili au watatu tu kati ya kila 100.

Huenda msomaji akadhani kwamba mjadala uliishia hapo. Sivyo. Kamati iliyozichunguza, ambayo mwanahisabati Poisson na mpasuaji Larrey walikuwa miongoni mwake, ilisema kwamba daktari humtibu mtu mmoja aliye mbele yake wala si umati, na kwamba hesabu za wengi haziwezi kumwamulia huyo mmoja. Nao wapasuaji kama Velpeau hawakukubali kwamba kisu kimepitwa na wakati.

Wapinzani walikuwa na hoja ya haki. Civiale aliwachagua wagonjwa wake. Wenye mawe makubwa mno, kibofu kilichochakaa au mwili dhaifu waliachiwa kisu, na vifo vyao vikahesabiwa upande wa pili wa daftari.

Hata hivyo, kutoka katika ugomvi huo ulizaliwa utaratibu ambao tiba ya leo haiwezi kuukwepa: kulinganisha njia mbili kwa hesabu, na kuuliza ni mgonjwa yupi anayefaa njia ipi.

Mwaka wa 1847 Civiale alichaguliwa kuingia katika Chuo cha Sayansi kilichowahi kumpima. Miongoni mwa waliojifunza kwake ni Mwingereza Henry Thompson, aliyemwondolea Mfalme Leopold wa Kwanza wa Ubelgiji jiwe mwaka wa 1863. Thompson huyo huyo ndiye aliyemtibu Napoleon wa Tatu, aliyefariki Januari 1873 kabla ya kazi kukamilika. Njia isiyo na kisu haikuwa njia isiyo na hatari.

Civiale alifariki jijini Paris mwaka wa 1867. Wodi yake ilirithiwa na Félix Guyon, aliyeikuza ikawa shule ya madaktari kutoka mataifa mengi.

Baada yake, Henry Bigelow wa Boston alionyesha mwaka wa 1878 kwamba jiwe laweza kuvunjwa na kufyonzwa lote katika kikao kimoja, mgonjwa akiwa usingizini kwa dawa. Mnamo Februari 1980, jijini Munich, Christian Chaussy na wenzake walivunja jiwe la figo kwa mawimbi yaliyotoka nje ya mwili, bila kuingiza kifaa chochote.

Leo wagonjwa wengi wa vijiwe hawalali hospitalini hata usiku mmoja. Lakini swali alilolizua Civiale bado linaulizwa mlangoni pa kila chumba cha upasuaji: nani anafaa kurudi nyumbani leo, na nani abaki? Anayeruhusiwa kwenda, kisha akapata homa, damu nyingi au akashindwa kukojoa, hana budi kurejea hospitalini mara moja. Safari fupi ya kutoka wodini iligharimu miaka mingi na maisha ya wengi. Si busara kuichukua kimzaha.