Luigi Broglio: Mtaliano aliyerusha satelaiti kutoka bahari ya Malindi

Ukikaa zako barazani Mpanda unakunywa chai, unajiona umetulia. Kumbe dunia inakubeba kwenda mashariki kwa takribani kilomita 1,660 kwa saa, yaani unaipita sauti. Hesabu hiyo ndiyo iliyomleta Luigi Broglio Afrika Mashariki.

Alizaliwa Mestre, jirani na Venice, mwaka 1911. Akawa mhandisi wa jeshi la anga la Italia, kisha profesa jijini Roma, mtaalamu wa hewa inayokwenda kasi kuliko sauti.

Bodaboda inavuta hewa ya nje ili petroli iwake. Roketi ya mafuta makavu inabeba kila kitu: kemikali zenye oksijeni zimechanganywa humohumo kwenye mafuta. Yakiwaka, gesi inabanwa kwenye koo jembamba, halafu inachomoka nyuma ikiwa imeshaipita sauti. Mafuta hayo ni mzigo mkubwa, kwa hiyo kasi ya bure inayotolewa na dunia haiachwi. Roma inapata kama kilomita 1,240 kwa saa. Ikweta inapata 1,670.

Kwa kasi peke yake hata Katavi ingefaa. Shida ni kwamba roketi hudondosha vipande njiani, na mashariki ya Katavi kuna watu mpaka pwani. Nani angekubali?

Broglio akachagua maji. Mwaka 1964 timu yake ilijaribu roketi ndogo juu ya Santa Rita, jukwaa la kuchimbia mafuta lililoburutwa hadi pwani ya Kenya, karibu na Malindi. Tarehe 26 Aprili 1967, kutoka jukwaa la pili, San Marco, ikapaa satelaiti San Marco 2 kwa roketi ya Kimarekani ya Scout. Ndani yake kulikuwa na mizani aliyoibuni mwenyewe, ya kupima jinsi hewa nyepesi ya huko juu inavyoikwamisha satelaiti. Wengi humkumbuka kwa jukwaa, lakini mizani hiyo ndiyo iliyokuwa somo lake hasa.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya Marekani ilirushwa hapohapo na kupewa jina Uhuru. Ndiyo iliyochora ramani ya kwanza ya anga lote kwa eksirei.

Urushaji wa mwisho ulikuwa 1988. Broglio alifariki Januari 14, 2001, akiwa na miaka 89. Kituo cha Malindi sasa kina jina lake.