Hans Nielsen Hauge, Mkulima wa Norwe

Hans Nielsen Hauge alizaliwa mwaka 1771 huko Rolvsøy, katika nchi ya Norwe. Hakuwa padre, wala hakusoma chuo kikuu. Tarehe 5 Aprili 1796, akiwa analima shambani mwa babaye huku akiimba wimbo wa dini, moyo wake ulijazwa upendo wa Mungu hata akajua ameitwa kuwahubiri wenziwe.

Lakini kazi ya mikono hakuiacha. Alizunguka nchi kwa miguu, na njiani alifuma soksi za sufu, mikono isikae bure. Akafanya biashara mjini Bergen, na pamoja na wenziwe akaanzisha kinu cha karatasi huko Eiker, watu wapate riziki.

Sheria ya mwaka 1741 ilimkataza asiye padre kuzunguka akihubiri. Kwa hiyo alikamatwa mara nyingi, na mwaka 1804 akatiwa gerezani Christiania, ndio Oslo ya leo. Mwaka 1809, vita vilipozuia chumvi isiingie nchini, serikali ile ile iliyomfunga ikamtoa kwa muda, aende pwani kusimamisha kazi ya kupika chumvi ya bahari. Naye akaenda, akaifanya vema. Kisha akarudishwa kifungoni! Sisi twaliona jambo hili kuwa kubwa kuliko safari zake zote.

Alifunguliwa mwaka 1811, mwili umekwisha kudhoofika. Akafa shambani mwake Bredtvet mwaka 1824. Sheria ile ilifutwa mwaka 1842.