Ahmad bin Naaman, wakili wa Sayyid Said aliyefanya biashara New York

Hapana mtu mzima wa Gazi, Msambweni au Vanga asiyeijua amerikani. Ni ile nguo ya pamba nzito, isiyotiwa rangi wala kufanywa nyeupe, ambayo bibi zetu walijifunga na mabaharia wakashonea matanga. Jina lake lenyewe latwambia ilikotoka. Lakini ni wachache waulizao ilifikaje kwetu, kwa mapatano gani, na nani katika watu wa upande wetu aliyekwenda kuinunua huko huko inakofumwa. Mmoja aliyekwenda, akarudi nayo marobota kwa marobota, ni Ahmad bin Naaman al-Kaabi, karani na wakili wa Sayyid Said bin Sultan. Leo tumtaje yeye, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ahmad alizaliwa mnamo mwaka 1784 katika nchi za Ghuba. Alikuwa mtu wa kalamu na mtu wa bahari kwa pamoja, jambo ambalo si la kawaida, na Kiingereza alikijua kiasi cha kumtosha kuzungumza na wageni. Sayyid Said alimweka karibu naye, akamtuma katika mambo yaliyotaka siri na akili. Mtawala huyo, kama wajuavyo wasomaji, alikuwa tajiri wa biashara kabla hajawa kitu kingine chochote. Alipanda mikarafuu Unguja, akamiliki merikebu, akauza na kununua kama wauzavyo na wanunuavyo raia zake.

Ili kuifahamu safari ya Ahmad, yatupasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1827 alifika Unguja mfanyabiashara wa Kimarekani aitwaye Edmund Roberts. Hakuridhika na namna alivyouziana na watu wa forodhani, akamlalamikia Sayyid. Miaka sita baadaye alirudi akiwa mjumbe wa serikali yake, na tarehe 21 Septemba 1833 mapatano yakatiwa sahihi Maskati. Hati za kuyathibitisha zilibadilishwa mwaka 1835.

Ukiyasoma mapatano yale utaona ya kuwa sehemu kubwa ni sheria ya kuuziana. Wamarekani wana ruhusa kuingia bandari yoyote ya Sayyid, wauze na wanunue kwa mtu yeyote atakaye. Sayyid na maofisa wake hawana haki ya kupanga bei, bali mwenye mali na mnunuzi ndio watakaopatana. Ushuru ni asilimia 5 ya mali iliyoshushwa, basi. Bunduki, baruti na risasi zikiuzwa katika kisiwa cha Unguja sharti ziuzwe kwa serikali peke yake, ila bandari nyingine ziko huru. Chombo kikivunjika, walionusurika watunzwe kwa gharama ya Sayyid hata wapate njia ya kurudi kwao. Na konseli wa Kimarekani ndiye atakayeamua magomvi baina ya Wamarekani wenyewe.

Kwa mtu aliyekaa chuoni hakuna kigeni hapo. Kuuziana ni kwa ridhaa ya pande mbili, na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii hawapendi mtawala awapangie watu bei sokoni. Mimi huona kwamba Sayyid Said hakushindwa na maneno ya hati ile. Aliyaelewa vizuri sana. Aliyoyaogopa yalikuwa mengine, yaani ni nani atakayeingia kwa mlango huo baada ya Wamarekani.

Na kwa kweli waliingia. Waingereza walipatana naye mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Lakini katika mapatano ya Waingereza Sayyid alijihifadhia kitu. Pembe za ndovu na sandarusi za pwani ya Mrima, kuanzia Mtangata kusini ya Tanga hadi Kilwa, hazikuruhusiwa kununuliwa na wageni moja kwa moja. Tazama ramani. Vanga, Shimoni, Msambweni, Gazi na Diani zote ziko kaskazini ya mpaka huo. Huku kwetu, kwa maandishi angalau, mgeni alikuwa huru kuja kununua. Ni nadra kuona mstari uliochorwa mezani ukizipita bandari zetu kwa karibu namna hiyo, nasi tusiwe na habari.

Tena tusisahau kwamba watu wa Gazi wakati huo hawakuwa na hamu ya kumsikia Sayyid. Mwaka 1837 alikuwa amewanyang'anya Mazrui mji wa Mombasa, na waliosalimika wakagawanyika, wengine wakaenda Takaungu na wengine wakaja Gazi. Kwa hiyo biashara anayoisifu huyu, mwenzake aliiona ni mkono wa adui.

Huko Unguja nako uhuru wa mapatano ulikuwa na mipaka yake. Forodha ilikuwa imekodishwa kwa Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi, na konseli wa kwanza wa Kimarekani, Richard Waters wa mji wa Salem, aliyefika mwaka 1837, naye alikuwa mfanyabiashara. Wawili hao walisaidiana hata wafanyabiashara wengine, Wamarekani wenziwe Waters wakiwamo, wakalalamika kwamba hawapati mali wala soko. Hati yasema kila mtu yu huru, na mwenye funguo za ghala ni mmoja.

Nadhani hilo ni katika mambo yaliyomfanya Sayyid aamue kutuma chombo chake mwenyewe. Kama Wamarekani wana haki ya kuja kwake, kwa nini yeye asiende kwao? Merikebu Sultana, iliyoundwa Bombay mwaka 1833, ilipakiwa Maskati tende, mazulia ya Kiajemi na kahawa ya Mokha, kisha ikaja Unguja kuongeza pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi zilizotiwa chumvi. Uongozi wa njia alipewa Mwingereza, ambaye ulevi wake ulimtaabisha kila mtu chomboni. Mwenye amana ya mali alikuwa Ahmad bin Naaman.

Waling'oa nanga Unguja mwezi wa Februari 1840, wakalizunguka rasi la kusini ya Afrika, wakagusa kisiwa cha St. Helena, na tarehe 30 Aprili wakaingia New York. Chombo cha Waarabu hakijapata kuonekana bandarini pale. Watu walifurika kuwatazama mabaharia, wengine kwa heshima na wengine kwa utovu wa adabu. Wakubwa wa mji walimkaribisha Ahmad, wakamtembeza, wakampandisha gari la moshi. Sultana, iliyokuwa imechakaa kwa safari, ilitengenezwa bure na wanamaji wa serikali.

Lakini Ahmad hakwenda kutembea. Alikuwa wakili, na wakala katika sheria yetu una mipaka. Wakili haruhusiwi kuuza mali ya mwenye mali kwa bei ya kutupa, wala kununua asichoagizwa, na kila kilichomo mkononi mwake ni amana. Pale New York alikuwa mgeni asiyejua bei za mji, basi mali yake aliiuza kwa mkono wa kampuni ya Barclay na Livingston. Kwa fedha iliyopatikana alinunua amerikani, nguo nyekundu, ushanga, bunduki, baruti, sahani na vitu vingine vya kuagizwa. Hiyo ndiyo biashara ya nchi kwa nchi katika umbo lake kamili, ambapo muuzaji yuko Unguja, mnunuzi yuko New York, bahari iko katikati, na anayejibu kwa wote wawili ni mtu mmoja mwenye kilemba.

Kuna kisa cha zawadi. Sayyid alimpelekea Rais Martin Van Buren farasi wawili, lulu, upanga, zulia, marashi na vitu vingine vya thamani. Rais akajibu kwamba sheria ya nchi yake haimruhusu kupokea. Baada ya mazungumzo na Bunge vitu vile vilipokewa kwa niaba ya serikali, farasi wakapigwa mnada. Kwetu sisi kurudisha zawadi ni aibu, na bila shaka Ahmad alikuwa na kazi ngumu ya kumweleza bwana wake jambo hilo.

Hebu tuseme kidogo juu ya sandarusi, maana msandarusi wapatikana hata katika misitu ya Kwale. Ile iliyo bora huchimbwa ardhini, nayo hutoka na mchanga na ngozi yake ya juu. Iliuzwa kwa frasila, na huko Salem kulikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Sasa, uzito uliopungua baada ya kuoshwa ni hasara ya nani? Vitabu vyetu vina mlango wa khiyari, kwamba mnunuzi akikuta aibu iliyofichwa katika bidhaa ana haki kurudisha, ila asikawie baada ya kuijua. Mapatano ya kimataifa ya kuuziana bidhaa yaliyofanywa Vienna mwaka 1980, yakaanza kutumika mwaka 1988, yana karibu lilo hilo. Mnunuzi aikague mali mapema, amjulishe muuzaji kasoro katika muda wa kiasi, na ikipita miaka miwili tangu kukabidhiwa haki hiyo imekwisha. Uganda ilijiunga nayo mwaka 1992, Burundi 1998, Kongo 2014. Hadi mwaka 2024 Kenya na Tanzania hazikuwemo, na sheria ya Kenya ya kuuziana bidhaa ni mtoto wa ile ya Uingereza ya mwaka 1893.

Nisipotaja jambo moja nitakuwa nimeificha aibu ya bidhaa. Katika zama za Ahmad watu nao walikuwa wakiuzwa katika pwani hii, na wako waliobeba pembe hizo za ndovu mabegani kisha wakauzwa nao. Mapatano ya mwaka 1822 yaliwazuia raia wa Sayyid kuuza watumwa kwa Wakristo, na ya 1845 yakazuia kuwatoa nje ya milki yake ya Afrika. Soko la Unguja halikufungwa mpaka 1873. Ahmad hakuiona siku hiyo.

Sultana iliondoka New York tarehe 9 Agosti 1840, ikafika Unguja mwezi wa Desemba. Haikuzaa safari za kila mwaka kama ambavyo huenda Sayyid alitumaini. Biashara ya Marekani iliendelea kuja kwa merikebu za Salem. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Ahmad aliishi baada yake miaka 13, akafariki mwaka 1869, ule ule uliofunguliwa mfereji wa Suez. Alipokuwa New York, mchoraji Edward Mooney aliichora sura yake, akiwa na kilemba, ndevu na joho, na macho yake yakimtazama anayemtazama.