Giulio Bizzozero, munganga aliyetambua kazi ya plakete za damu

Mtu akijikata na kisu, damu inatoka kisha inasimama. Zinazofika kwanza kuziba kidonda ni chembe ndogo sana zinazoitwa plakete. Watafiti waliwahi kuziona kwenye darubini, lakini wengi walidhani ni mabaki tu ya chembe zingine. Aliyeonyesha kazi yake ni Giulio Bizzozero, munganga wa Italia.

Alizaliwa Varese, kaskazini mwa Italia, tarehe 20 Machi 1846. Mwaka 1866, akiwa na miaka 20 tu, alimaliza masomo ya uganga huko Pavia. Miaka miwili baadaye alionyesha kwamba chembe nyekundu za damu zinatengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Alimwongoza pia Camillo Golgi, aliyemzidi umri, ambaye alipata tuzo ya Nobel mwaka 1906.

Akiwa profesa mjini Turin, Bizzozero alitazama damu ikitembea ndani ya mishipa midogo ya wanyama walio hai. Mshipa ulipoumizwa, plakete zilikimbilia pale, zikashikamana na kuziba. Alitangaza matokeo hayo kati ya mwaka 1881 na 1882.

Kisha macho yake yakaugua. Darubini, chombo chake cha kazi, ikamshinda. Hakukaa bure: alikuwa amefanywa seneta mwaka 1890, akageukia afya ya raia na vita dhidi ya magonjwa ya kuambukiza. Alikufa Turin kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 8 Aprili 1901, akiwa na miaka 55.

Kazi yake ilifika mahali ambapo yeye hakufikiria: kwa watu wenye migreni, yale maumivu makali ya kichwa yanayorudi mara kwa mara. Katika karne ya 20, watafiti walitambua kwamba plakete zinabeba serotonini, kemikali inayohusika pia na mishipa ya damu na ubongo. Mwaka 1978 mtafiti Edda Hanington wa Uingereza alipendekeza kwamba migreni ni ugonjwa wa plakete zenyewe. Leo wataalamu wengi wanasema chanzo kiko kwenye ubongo na neva, lakini plakete za wagonjwa hao zingali zinachunguzwa.

Na kila karatasi ya laboratwari inayoandikwa hesabu ya plakete, iwe Goma ama Bukavu, inafuata njia aliyoifungua Bizzozero.