Tom Mboya na chama kilichosahau wapiga kura wake

VYAMA vya kisiasa nchini Kenya vimezoea kuzaliwa uchaguzi unapokaribia na kuzikwa punde washindi wanapoapishwa. Narc, iliyoingia mamlakani kwa kishindo mwaka 2002, ilikuwa imesambaratika kufikia kura ya maoni ya 2005. TNA na URP, vilivyoungana kutwaa uongozi 2013, vilivunjwa 2016 ili Jubilee iundwe. Vyote vilikuja na ahadi tele. Matawi ambako mwananchi wa kawaida angeketi, aulize swali na kusikizwa yalikuwa haba.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, palikuwa na chama kilichojengwa kuanzia chini, nyumba kwa nyumba. Mjenzi wake alikuwa kijana ambaye hakuwa amefikisha miaka 30, Thomas Joseph Mboya. Maisha yake yana funzo la pande mbili: jinsi chama hupata nguvu kinapomheshimu mpiga kura, na jinsi hudhoofika kinapoanza kumwogopa.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake alikuwa msimamizi wa vibarua. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Kukulia miongoni mwa wafanyakazi wa makabila mbalimbali kulimpa hazina ambayo wanasiasa wengi wa rika lake hawakuwa nayo, kwani mbali na Kijaluo na Kiswahili, alizungumza pia Kikamba na Kikikuyu.

Alisomea katika shule za misheni za Kabaa na Yala kabla ya kujiunga na Mangu. Karo ilipowashinda wazazi wake, aliacha masomo ya sekondari na kuingia chuo cha Jeanes, Kabete, kusomea kazi ya ukaguzi wa afya. Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Huko ndiko alikoonja uchungu wa kudharauliwa. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Katika kitabu chake cha 1963, Mboya alisimulia jinsi mwanamke Mzungu alivyoingia ofisini akiwa na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza iwapo hapakuwa na mtu mle ndani. Mboya alikuwa ameketi mbele yake.

Aliitikia dharau hiyo kwa kuwaunganisha wenzake. Alianzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka 1953, akiwa na miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Kilikuwa kipindi cha Hali ya Hatari. KAU, chama cha kisiasa cha Waafrika, kilikuwa kimepigwa marufuku na maelfu ya watu walikuwa kizuizini. Shirikisho hilo ndilo lililobaki kuwa sauti ya Mwafrika. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka 1955, Mboya alisafiri hadi huko, akawasikiliza, akawashawishi warudi kazini huku akiwatetea mbele ya waajiri, na hatimaye wakapata nyongeza kubwa ya mshahara.

Ujuzi huo wa kusikiliza ndio aliouingiza katika siasa. Baada ya mwaka mmoja wa masomo katika chuo cha Ruskin, Oxford, alirejea nyumbani na Machi 1957 akashinda kiti cha Nairobi katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Alimbwaga wakili mashuhuri, C.M.G. Argwings-Kodhek. Wengi hawakuruhusiwa kupiga kura, kwani sheria ilidai elimu, mali au kipato, na Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuwa na cheti cha utiifu kwa serikali.

Wakati huo mkoloni aliruhusu vyama vya wilaya pekee, akitarajia kwamba kila kimoja kingekuwa cha kabila moja. Mboya aliitumia sheria hiyo kwa njia ambayo waliyoitunga hawakuitazamia. Mwaka huo wa 1957 alianzisha chama cha People's Convention Party cha Nairobi, jiji lililokuwa na watu wa kila kabila. Kilikuwa na matawi mitaani, vikundi vidogo vya wanachama na vitengo vya vijana na wanawake. Watu walilipa ada, walichagua viongozi wao na walikutana mara kwa mara. Chama kilichapisha gazeti lake, Uhuru. Serikali iliona hatari: mwaka 1959 ililipiga marufuku gazeti hilo na kuwatia mbaroni viongozi wengi wa chama.

Mboya hakuwa na mikutano na kelele pekee. Alikuwa na mawazo mapya. Mwezi Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza kikao cha kongamano la watu wa Afrika nzima jijini Accra, Ghana. Mwaka uliofuata alizunguka Marekani akichangisha pesa na kutafuta nafasi vyuoni, na Septemba 1959 ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mamia ya wengine walifuata, akiwemo Wangari Maathai mwaka 1960. Serikali ya kikoloni ilikuwa imesema wasomi Waafrika wa kuendesha nchi huru hawakuwepo. Mboya hakujibu kwa hotuba tu, bali kwa mpango uliogusa familia za vijijini, ambazo ziliuza mifugo na kufanya michango ili watoto wao wasafiri.

Thawabu yake ilionekana katika uchaguzi wa Februari 1961. KANU ilikuwa imeundwa mwaka 1960, naye akawa katibu mkuu wake. Hata hivyo, vigogo kadhaa chamani hawakumpenda, na katika eneo la Nairobi East alipambana na Dkt Munyua Waiyaki, mwenzake wa KANU. Wapiga kura wengi wa eneo hilo walikuwa Wakikuyu, na wajuzi wa siasa za kikabila walitarajia Mjaluo huyo aangushwe. Mboya alipata zaidi ya kura 31,000. Mpinzani wake hakufikisha 3,000. Wananchi wa kawaida walikuwa wamewapita viongozi wao kwa ukomavu.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Mgala muue na haki umpe, lakini haki hiyo hudai pia kasoro zitajwe.

Kabla na baada ya uhuru, Mboya aliendelea kuwa kiwanda cha fikra serikalini. Akiwa Waziri wa Leba, alisimamia mkataba wa mwaka 1962 kati ya waajiri, wafanyakazi na serikali. Akiwa Waziri wa Mipango, alisimamia waraka wa bunge nambari 10 wa mwaka 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, akisaidiwa na wachumi akiwemo Mwai Kibaki. Waraka huo ulikuwa sera pana yenye hoja, hata ingawa pendekezo lake la kuelekeza rasilmali katika maeneo yenye rutuba na miundomsingi limelaumiwa tangu hapo kwa kuacha nyuma maeneo kame.

Kilichopungua kilikuwa chama chenyewe. KANU ilikuwa muungano wa wakubwa wa wilaya, na matawi yake mengi yalilala baada ya uchaguzi. Mabishano kuhusu ardhi na mwelekeo wa uchumi yalipozidi kati ya serikali na mrengo wa Jaramogi Oginga Odinga, hayakupelekwa kwa wanachama yakaamuliwe huko. Machi 1966, mkutano wa Limuru, ambao Mboya alikuwa mpangaji wake mkuu, uliondoa wadhifa wa makamu wa rais wa chama aliokuwa nao Odinga na kuunda nyadhifa nane za mikoa. Bildad Kaggia aliposhinda ule wa Mkoa wa Kati, uchaguzi ulirudiwa na kiti kikamwendea James Gichuru.

Odinga alijiondoa na kuongoza KPU. Upesi katiba ikarekebishwa ili kila mbunge aliyehama chama arudi kwa wapiga kura. Kwa maneno, hilo lilikuwa jambo la haki. Kwa vitendo, lilitungwa haraka kuwaadhibu waliokwisha kuhama, na katika chaguzi ndogo za 1966 zilizofanywa nguvu za serikali zikiwa upande mmoja, KPU ilirejea na wabunge na maseneta tisa pekee.

Mchimba shimo huingia mwenyewe. Mwaka 1968, mahasimu wa Mboya ndani ya KANU walitumia njia iyo hiyo ya kurekebisha katiba kumzuia asimrithi Rais Jomo Kenyatta. Pendekezo moja lilitaka rais asiwe chini ya miaka 40, naye alikuwa na 37. Umri huo ulipunguzwa hadi 35, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Mei 1969, KANU ilibwagwa vibaya na KPU katika uchaguzi mdogo wa Gem. Wapiga kura walikuwa bado na kauli yao, ila chama kilikuwa kimesahau kusikiliza.

Mboya hakupata muda wa kuuziba ufa huo. Julai 5, 1969 alipigwa risasi akitoka duka la dawa katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue, Nairobi. Nahashon Njenga Njoroge alipatikana na hatia na kunyongwa mwaka huo, lakini waliomtuma, kama walikuwepo, hawakuwahi kufikishwa kortini.

Oktoba mwaka huo KPU ilipigwa marufuku. Desemba, KANU ilikwenda kwenye uchaguzi peke yake, na hata hapo wananchi waliwatimua wabunge wengi pamoja na mawaziri kadhaa. Sheria ya chama kimoja ilifuata 1982, kisha kura ya mlolongo ya 1988, ambapo aliyekuwa na foleni fupi aliweza kutangazwa mshindi. KANU ilipoondolewa madarakani 2002, ilikuwa imebaki na ofisi na bendera, bila fikra mpya ya kuwauzia Wakenya.

Sanamu ya Mboya, iliyozinduliwa 2011, imesimama Moi Avenue karibu na alipoanguka. Viongozi wa vyama hupita hapo kila msimu wa kampeni wakielekea kusaka kura katika mitaa ile ile ya mashariki mwa jiji. Wengi wameiga ufasaha wake na ujanja wake wa Limuru. Ni wachache walioiga kazi yake ya 1957: kuwafungulia watu wa mtaani mlango wa chama, kisha kuuacha wazi hata kura zikishahesabiwa.