Padre Apolo Kivebulaya, Mtumishi Aliyerudi

Katika jubilei hii twapenda kukumbuka maisha ya Padre Apolo Kivebulaya wa Uganda, tupate kujifunza jinsi Mkristo mmoja awezavyo kuwa msaada wa nchi nzima.

Alizaliwa yapata mwaka 1864. Katika ujana wake alikuwa askari, akapigana katika vita vilivyoisumbua Buganda. Lakini neno la Injili likamwingia moyoni, akabatizwa mwaka 1895, akajitoa kuwa mwalimu. Mwaka 1896 alikwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, katika nchi ya Kongo.

Huko alikuta taabu. Mtawala Tabaro aliyachukia mafundisho yake, hasa habari za pombe na wake wengi, akawakataza watu wasimpe chakula. Apolo akafanya kazi kwa mikono yake ili apate kula, wala hakuacha kufundisha watu kusoma. Hata siku moja dada yake Tabaro akauangukia mkuki wa Apolo, akafa. Ilikuwa ajali tu, lakini Apolo alishtakiwa kwamba ameua, akapigwa, akapelekwa Toro kufungwa. Gerezani, kama alivyosimulia mwenyewe, Bwana Yesu alimtokea aking'aa kama jua, akamtia moyo aendelee kuhubiri.

Alipokwisha kufunguliwa, nani angalimlaumu kama angaliiacha Mboga? Lakini yeye alirudi kwa watu wale wale. Basi Tabaro alipoona kwamba mtu huyu hana kisasi, moyo wake ukageuka, naye akabatizwa. Mambo ambayo fimbo na kifungo havikuweza kuyazuia, uvumilivu uliyatimiza.

Apolo akawekwa kuwa padre mwaka 1903. Hata katika uzee wake aliingia msituni kuwafundisha Wambuti, watu waliodharauliwa na jirani zao. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza azikwe kichwa chake kikielekea msituni, wala si kwao Uganda, ili watu wajue kwamba kazi haijaisha.

Ndugu zetu walimu, mara nyingi sisi tumetukanwa katika kijiji, tukakunguta mavumbi ya miguu yetu upesi, tukisema watu wale hawataki maendeleo. Apolo hakufanya hivyo. Basi jubilei hii isituishie katika nyimbo na karamu. Na tujiulize ni kijiji gani kinachotungoja turudi.